Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Maji: asante kwa upepo

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,
Mamlaka ya Maji ya mji wetu.

YAH: SHUKRANI ZA DHATI KWA HUDUMA YA UPEPO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wako mwaminifu. Bomba langu lipo uani, karibu na mpapai, na halijapata kutu hata kidogo, maana kutu nayo inataka maji. Kila alfajiri nalifungua. Linakohoa, linapiga mluzi, kisha linanyamaza. Wakati linapiga mluzi, mita inazunguka kama pangaboi. Mwisho wa mwezi ujumbe unaingia kwenye simu, pamoja na namba ya malipo: uniti 3. Nimelipa. Wenzangu wanavuta hewa bure, hawajui thamani yake.

Naomba sasa nikutambulishe kwa mteja wako bora kuliko mimi, jirani yangu muuza maandazi. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Kwenye ankara yako uniti hiyo haifiki shilingi 2,000, kwa hiyo dumu moja ni chini ya shilingi 40. Kijana wa mkokoteni anamuuzia dumu hilohilo kwa shilingi 500. Jirani hununua manne kwa siku: shilingi 2,000. Yaani kwa lita 80 anatoa fedha ambayo kwako ingempatia lita 1,000 na chenji juu. Kule juu wanakokaa wakubwa, ambako mabomba hayapigi mluzi, watu wanaosha magari kwa bei ya uniti. Mama wa maandazi anastahili cheti cha mlipaji bora, na akipewa, tafadhali kisiwe cha karatasi. Nyumbani kwake kuna unyevu wa machozi.

Siku moja nilimuuliza kijana wa mkokoteni anachota wapi. Akacheka. "Kwenye bomba lenu, mzee. Pale bondeni linapovuja." Kumbe maji ni yako, Ndugu Mkurugenzi! Yanatoroka kwako usiku, yanapanda kilima kwa mkokoteni, yanatufikia yakiwa yamepanda bei mara kumi na zaidi. Na hayaji peke yake. Bomba likikaa tupu, tundu linalovujisha hugeuka tundu la kunyonya, na maji ya mtaroni yanaingia bila kusaini kitabu cha wageni. Ndiyo maana jirani huchemsha kila tone la kunywa, na mkaa nao hauuzwi kwa bei ya uniti.

Sisemi kwamba hamna mipango. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20: ifikapo 1991, kila mwanakijiji apate maji katika umbali usiozidi mita 400 kutoka kwake. Mwaka 1991 ukapita, haukusimama hata kuomba maji ya kunywa. Ikaja Sera ya Maji ya 2002: lita 25 kwa kila mtu kwa siku, mita zilezile 400, kituo kimoja kwa watu 250. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ukatangaza kwamba maji safi ni haki ya binadamu. Sasa tunaambiwa 2030. Mtumishi wa umma akifika miaka 55 anaruhusiwa kustaafu kwa hiari. Ahadi ya 1971 imeshabisha hodi hapo. Iandalieni kiinua mgongo.

Nakumbuka pia Wiki ya Maji, mlipotuzindulia kituo cha kuchotea maji. Usiku wake boza lilikuja kimyakimya likajaza tangi. Asubuhi mgeni rasmi alikata utepe, akafungua koki, maji yakatoka, vigelegele vikapigwa. Akapewa glasi aonje. Akatabasamu, akaiweka mezani, akafungua chupa yake ya dukani. Saa nane mchana tangi lilikuwa tupu. Taarifa yenu ilisema mradi umekamilika kwa asilimia 100, nami sibishi: jiwe la uzinduzi bado lipo, jina la mgeni linasomeka vizuri, na mbuzi wanajikuna hapo.

Maombi yangu ni mawili, wala hayahitaji upembuzi yakinifu. Kwanza, wekeni valvu za kutoa hewa kwenye bomba kuu, ili mita ihesabu maji. Pili, zibeni lile tundu la bondeni, na maji yake yapandisheni hadi kwenye kituo chenye jina la mgeni rasmi, dumu liuzwe kwa shilingi 40.

Mkichelewa, sitawalaumu sana. Nimehesabu hatua kutoka mlangoni kwangu hadi kwenye tundu lile: 350. Ziko ndani ya mita 400. Mpaka leo, hapo ndipo pekee mtaani kwetu ambapo sera ya maji imetekelezwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mteja mwenye mita.