Steringi Hafi, Kitabu Ndicho Kinachokufa

Nilianza na vitabu vitatu. Nataka hilo lijulikane mapema, kwa sababu ukifika leo kwa kinyozi wetu hapa Magomeni utakuta viwili na nusu, na kimoja kimesahihishwa kwa kalamu nyekundu.

Shemeji yangu anaishi Marekani, jimbo la Ohio. Disemba 2024 alikuwa anakuja likizo, akauliza swali wanalouliza wote wanaotoka huko: niwaletee nini? Mama watoto akaagiza viatu na mafuta ya nywele. Mimi, mtu mzima mwenye mvi za kuhesabika na mkopo usiohesabika, nikaagiza vibonzo. Nikamwandikia majina herufi kwa herufi: Storm namba 1 na Absolute Batman namba 1, vyote vya Oktoba ya mwaka huohuo, na Ultimate Spider-Man namba 1 cha Januari, kile ambacho Peter Parker ni baba mwenye nyumba, mke na watoto wawili. Hicho cha mwisho ndicho nilikitaka hasa. Nilitaka kuona mtu akiruka maghorofa huku anadaiwa ada.

Shemeji akafika. Viatu vilikuwa vidogo, mafuta yalikuwa yamemwagika, na Spider-Man hakuwepo. "Hicho sikukipata shemeji," akasema, "lakini usijali, nimekuchukulia Batman mbili tofauti."

Nikavitazama. Kimoja kilikuwa na Batman aliyesimama, mabega mapana kama mlango wa gereji. Cha pili kilikuwa na Batman huyohuyo kwa mchoro mwingine. Namba 1 na namba 1. Wenzetu wana mtindo huo: kitabu kimoja hutolewa kwa majalada mengi ya wachoraji mbalimbali, na ndani ni kilekile, neno kwa neno. Mkusanyaji wa kweli hununua yote. Shemeji yangu si mkusanyaji. Ni mtu aliyelipa mara mbili, dola 5 hivi kwa kila kimoja, akadhani amenifanyia hisani.

Sikumwambia. Nikajifariji kwa hesabu. Mwaka 1938 kitabu cha Action Comics namba 1, ambamo Superman alitokea kwa mara ya kwanza, kiliuzwa senti 10. Aprili 2024 nakala moja ya kitabu hicho ilinunuliwa kwa dola milioni 6. Milioni sita! Siri ni kukiweka kitabu kwenye nailoni yake, kisiguswe, kisikunjwe, kisipigwe jua. Nikaamua vyangu vitakaa kabatini chini ya mashuka mpaka kitinda mimba wangu aolewe, na mahari tutakayodai itaonekana mzaha mbele ya mali atakayokuja nayo.

Kosa langu lilikuwa kupitia saluni kunyoa kabla sijafika nyumbani.

"Hiyo nini?" kinyozi akauliza, akinyooshea kidole bahasha.

"Vitabu. Usifungue."

Nilisikia nailoni ikichanika wakati nimeinamisha kichwa, mashine iko kisogoni. Ukiwa katika hali hiyo huna haki zozote za binadamu. Nikasema, "Kaka, hivyo havifunguliwi." Akasimamisha mashine, akaniuliza kwa upole kabisa: "Sasa kitabu kisichofunguliwa umekinunulia nini?"

Mpaka leo sijapata jibu.

Baada ya hapo vitabu vikawa vya saluni. Shida ilikuwa lugha, maana vimeandikwa Kiingereza na wateja wengi walisema wamekisahau baada ya kumaliza shule. Akajitolea dogo anayefagia nywele. Dogo huyu amelelewa na filamu za kutafsiriwa, zile ambazo jamaa anazungumza Kiswahili juu ya sauti za wahusika na kuongeza ya kwake. Akashika kitabu, akakohoa, akaanza.

Kwa asiyejua, Batman tuliyemzoea ni tajiri: ana jumba, ana mtumishi, ana pango lenye magari. Huyu wa Absolute Batman, aliyeandikwa na Scott Snyder na kuchorwa na Nick Dragotta, hana utajiri huo. Ni mhandisi wa jiji. Baba yake alikuwa mwalimu. Mama yake yu hai. Na ile nembo ya popo kifuani huchomolewa ikawa shoka. Kwa mabingwa wa vibonzo duniani mabadiliko hayo yalikuwa habari kubwa, kitabu kikachapishwa tena na tena. Kwa saluni ya Magomeni habari kubwa ilikuwa nyingine.

"Hapa sasa," dogo akasema kwa sauti nzito, "Batman anamwambia adui: Wewe unanitisha kwa bastola? Mimi nadaiwa kodi ya miezi mitatu! Mwenye nyumba wangu ndiye anayetisha!"

Saluni ikalipuka. Fundi wa mageti akapiga paja. Nikanyoosha shingo kuchungulia ukurasa huo. Haukuwa na neno hata moja. Ulikuwa na paa la nyumba na giza.

Lakini maoni yalishaanza kumiminika, na yote yalihusu kodi. Mmoja alisema mwandishi huyu anayajua maisha, si kama wale wa zamani. Mwingine, bodaboda, akasema kisa hakina mantiki: mhandisi wa jiji hawezi kukosa kodi, labda hajui kujiongeza. Mama ntilie wa mkabala, aliyekuja kuchukua vyombo vyake, yeye alifurahishwa na jambo moja tu, kwamba mama yake Batman yu hai. "Ndiyo maana huyu ana mwili," akasema. "Yule wa zamani alikuwa anakula wapi?" Akaomba aone picha ya huyo mama. Akaishika kwa mkono uliotoka kwenye sambusa. Bi Martha Wayne ana doa la mafuta shavuni hadi leo, na naapa linampendeza.

Kesho yake nikakuta ugomvi. Fundi wa mageti alikuwa amesoma Batman wa jalada la kwanza, bodaboda amesoma wa jalada la pili, na kila mmoja anashikilia kuwa chake ndicho kizuri.

"Chako kimepooza," anasema fundi. "Hakina vita. Changu mtu anatoa shoka kifuani!"

"Hata changu anatoa shoka," bodaboda anajibu, "tena langu kubwa zaidi."

Nikajaribu kuwaambia kuwa ni kitabu kimoja. Hawakunisikiliza. Fundi akaniambia mimi ni mtu wa kukaa katikati, siwezi kuwa na msimamo. Ikaenda hivyo juma zima, watu wanachagua upande kama Simba na Yanga, na kinyozi, ambaye alishavilaza vyote viwili mezani akaona vimefanana ukurasa kwa ukurasa, akanikonyeza nisiharibu. Wateja walikuwa wanakuja hata siku ambazo hawana nywele za kunyolewa.

Storm yeye alipokelewa kwa heshima ya ndugu. Wengi walimjua kwa sinema, kwamba ni yule mwanamke wa X-Men mwenye nywele nyeupe anayeamrisha mvua na radi. Nikawaeleza asili yake kama ilivyo vitabuni: baba Mmarekani mweusi, mama binti wa kifalme kutoka Kenya, na kwamba alipotokea mara ya kwanza mwaka 1975 alikutwa hukohuko Kenya watu wakimwabudu kwa sababu ya mvua zake. Kijiwe kikakunja uso.

"Binti wa kifalme wa Kenya?" akauliza mzee muuza kahawa. "Mfalme gani? Labda wa kwa Nabongo, kule kwa Wawanga."

Tukakubaliana ni wa kwa Nabongo. Marekani hawajaulizwa.

Kitabu hiki kipya kimeandikwa na Mnigeria, Murewa Ayodele, na kuchorwa na Lucas Werneck, na mimi nilikuwa nimejiandaa kusema mawili matatu kuhusu Mwafrika kumwandika shujaa mwenye damu ya Afrika. Sikupata nafasi. Kinyozi alishikilia nywele. Alitaka kujua zinatunzwaje katika upepo wote ule. Nikamwambia kwamba mwaka 1983 Storm aliwahi kunyoa pembeni akaacha mstari mmoja katikati, umesimama. Akanitazama kama mtu aliyefichwa habari za msiba. "Na hukuniambia?" Alitaka picha yake aibandike ukutani, kati ya mtindo namba 7 na namba 8.

Konda mmoja akauliza kama ana udhaifu wowote. Nikasema ndiyo, hawezi kukaa mahali pa kubanwa, tangu alipofukiwa na kifusi utotoni. "Basi huyo daladala hapandi," akasema, na kwake hoja ikawa imefungwa. Mwingine alitaka ahamie hapa kwetu masika, akae pale Jangwani, ayaambie maji ya Msimbazi yapite taratibu barabara isifungwe. Mama ntilie akataka kujua kama ameolewa. Nikamweleza kuwa mwaka 2006 aliolewa na Black Panther, mfalme wa Wakanda, na ndoa hiyo ikavunjwa 2012. "Aliyevunja nani?" Mume. "Nilijua," akasema, akaondoka na sinia lake. Kuhusu kisa chenyewe, namna Storm anavyowaokoa watu kwenye janga la Oklahoma kisha anabaki mgonjwa yeye mwenyewe, hakuna aliyesema neno zaidi ya dogo, ambaye kwa tafsiri yake ugonjwa ulikuwa malaria.

Kisha akaja mwalimu.

Mwalimu huyu amefundisha Kiswahili miaka mingi na sasa amestaafu, lakini kalamu nyekundu haijastaafu. Akakiomba kitabu cha Storm akisome nyumbani. Nilijua ni kosa, ila mkubwa akikuomba kitu kwa mikono miwili huwezi kumnyima. Kikarudi baada ya siku tatu. Jina halisi la Storm ni Ororo, na vitabu vya Marekani vimedai miaka yote kuwa maana yake ni uzuri. Mwalimu hakukubali.

"Ororo ni mzizi wa kivumishi, kijana wangu. Maana yake laini. Haukai peke yake, lazima upate kiambishi. Ngozi nyororo, kitambaa chororo. Na mtu?"

"Mwororo, mwalimu."

"Vizuri. Basi hawa wamekosa."

Na kila jina hilo lilipotokea, kila kiputo cha maneno alichokikuta, alikuwa ameongeza herufi mbili kwa wino mwekundu: *Mw*. Mwisho wa kitabu akaandika alama zake: picha 9 kwa 10, sarufi 2 kwa 10, arudie. Sahihi na tarehe. Nikafikiria dola milioni 6. Nikafikiria mahari.

Mzee muuza kahawa ndiye pekee ambaye hakuvutiwa na kitu chochote. Yeye ujana wake ulikuwa wa Lance Spearman, yule mpelelezi wa majarida ya picha ya miaka ya 1960 na 1970, mwenye kofia, tai ya kipepeo na sigara kubwa, na baadaye jarida la Sani lenye Lodi Lofa na Ndumilakuwili. "Spearman alipiga watu amevaa suti," akasema. "Hawa wenu kwa nini wanavaa nguo za kuogelea?" Nikamwambia hawa wamefika mbali kiasi kwamba mwaka 1992 walimuua Superman mwenyewe, kitabu kikauzwa ndani ya mfuko mweusi na utepe wa msiba, watu wakapanga foleni.

"Wakamzika?"

"Wakamzika."

"Halafu?"

"Mwaka uliofuata akarudi."

Mzee akamimina kahawa, akanipa kikombe bila kuniangalia. "Steringi hafi," akasema. "Rambirambi walirudisha?"

Nimefikiri sana juu ya swali hilo, na naona ndilo la maana kuliko yote yaliyoulizwa saluni kwa mwezi mzima.

Kuhusu fundi wa mageti: Januari niliona moja ya zile Batman imepungua kurasa za katikati. Nikauliza, kila mtu akatazama dari. Wiki mbili baadaye nikawa napita mtaa wa pili, nikakuta nyumba mpya ina geti jeusi, na katikati ya geti kuna popo wa chuma, mabawa yamepanuliwa, pembe zimechongoka sawasawa na ile nembo ya kifuani, kwa vipimo vilevile. Fundi alikuwa ameikata picha akaitumia kama kiolezo. Mwenye nyumba, hajji mtulivu, anaamini ni tai. Bodaboda alipoliona alisema popo wa kitabu chake alikuwa mkubwa zaidi.

Shemeji amepiga simu juzi. Anasema Spider-Man amempata, tena kwa majalada matatu tofauti, amevinunua vyote. Anakuja Julai. Nimemwomba akitua asinipigie mimi kwanza wala mama watoto, aende moja kwa moja kwa kinyozi, maana foleni ya kusoma imeshaandikwa kwenye kalenda ya ukutani na mimi ni wa kumi na moja, nyuma ya konda.

Ila aliye nazo zile kurasa za katikati za Batman, kama fundi ameshamaliza kuzipima, tafadhali azirudishe saluni. Azisukumie tu chini ya mlango usiku. Sitauliza chochote.