Maharagwe ya Misimu Miwili

Maharagwe hayaharakishwi na mgeni. Kila mpishi wa upande huu wa Mlima Kenya anajua hivyo. Hata hivyo, mjomba alipopiga simu Jumamosi moja ya Julai kusema kwamba yeye na mashangazi wameshatoka Nkubu kuja kutusalimia Embu, nyumba nzima ilikuwa mbioni.

Julai kwetu ni mwezi wa ukungu na baridi, na aliyesafiri katika hali hiyo humkaribishi kwa chai tupu. Tuliazimia kupika supu. Nyama haikuwepo, na gesi ilikuwa imeisha usiku. Palikuwa na ndoo ya maharagwe, viazi, karoti, nduma moja kubwa, vitunguu, nyanya, dania na maziwa kidogo. Nyuma ya nyumba, malenge yalikuwa na majani machanga.

Mama mkwe akawasha kuni kwenye mawe matatu, mimi nikakaa na uteo kuchagua. Yalikuwa maharagwe aina ya Nyayo, lakini si ya msimu mmoja. Punje nyingine ziling'aa, za mavuno ya juzi. Nyingine zilikuwa zimefifia na kuwa za hudhurungi. Shemeji mdogo alikuwa ameyamimina yote katika ndoo moja ili apate gunia la kubebea avokado. Yale ya zamani yalikuwa yamekaa mwaka mzima darini, juu ya moshi na joto la meko, na harage likikaa hivyo hugoma kuiva.

"Haya hayataiva pamoja, mwanangu," mama mkwe akasema. "Lakini weka tu, tutayafuata yanakotaka."

Hata maji yenyewe yana kasoro huku juu. Mji wa Embu uko yapata mita 1,350 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo chungu cha Mombasa hukishinda chetu. Mjomba akapiga tena: wako Chuka. Nikachota punje chache, nikazibonyeza kati ya vidole. Moja ilipasuka ikawa rojo. Ya pili ganda lilikunjamana tu, ndani ikabaki unga mkavu.

Hapo ndipo baba mkwe alipoingia kutoka shambani. Kwa moyo wake mwema alikata nyanya akazitumbukiza sufuriani. "Mzee, nyanya bado!" mama mkwe akaita, na papo hapo akaziopoa kwa upawa. Asidi ya nyanya hulizuia ganda la harage lisilainike, hivyo nyanya hungoja hadi harage liive. Shemeji naye, akitaka kufidia lile la gunia, akakimbilia dukani na kurudi na magadi, ile chumvi ya Ziwa Magadi kule Kajiado. Magadi hulegeza ganda haraka, lakini yakizidi supu huwa na ladha ya sabuni na vitamini B1 huharibika. Mama mkwe akatia ncha ya kijiko, akafunga pakiti.

"Tumevuka mto Thuci," simu ikasema. Basi wameshaingia kaunti ya Embu. Mji wa Runyenjes hauko mbali.

Mama mkwe akaomba chujio la matundu makubwa. Akamimina maharagwe yote humo, sufuria ya pili ikiwa chini, akayasugua kwa mgongo wa upawa. Yaliyolainika yakapita yakawa uji mzito wa rangi ya udongo wetu; yaliyogoma yakabaki juu, mazima. Magumu yakarudi motoni na nduma iliyokatwa vipande, baadaye kidogo viazi na karoti. Mimi nikawasha jiko la makaa, nikakaanga vitunguu hadi vikawa vyekundu, nikaziweka nyanya zilizookolewa hadi zikapondeka. Punje za zamani zilipokubali kubonyezeka, tukaunganisha vyote na ule uji, tukatia majani ya malenge, mwisho maziwa na dania.

Wageni walikuta meza imeandaliwa. Mjomba aliuliza tumetia unga gani, maana supu ilikuwa nzito na bado ina punje za kutafuna. Hatukutia unga. Harage jipya lilitoa uzito, la zamani likatoa umbo, na lile lililokaribia kutuaibisha ndilo lililoipa supu sifa yake. Ndiyo sababu siamini anayesema jikoni hamna kitu. Kitu kipo, kinachohitajika ni mtu anayejua kipi kitangulie motoni na kipi kingoje.

Sasa kila msimu una mtungi wake, na mwezi wa mavuno umeandikwa kwenye kifuniko. Shangazi mmoja aliondoka na kibaba cha Nyayo mpya ya kupanda mvua ya Oktoba, na mama mkwe akamsindikiza hadi barabarani akimwagiza: "Ukivuna, dada, usiyachanganye na ya zamani."