Ombi la Unyenyekevu Kuhusu Leseni ya Kupika Chang'aa

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Nairobi
Kutoka Shinyalu, Kaunti ya Kakamega

Mheshimiwa Waziri,

Utuwie radhi kwa kukuchukulia dakika zako, maana tunajua usalama wa nchi nzima uko mezani pako. Tunajua pia kwamba barua ya watu wa chini inafaa ipite kwa naibu wa chifu, kisha kwa chifu, kisha kwa msaidizi wa kamishna wa kaunti, ambaye bado tunamwita DO, ndipo ikufikie. Hatukuiruka njia hiyo kwa kiburi. Tunachoomba ni leseni ya kupika chang'aa, na huko njiani wapo maofisa wenye mazoea ya kulimwaga jambo hili kabla hawajalisoma.

Usidhani tunaomba kibali cha kuvunja sheria. Sheria tunaisoma, pengine kuliko baadhi ya wanaotukamata kwayo. Chang'aa ilipigwa marufuku mwaka 1980. Miaka 30 baadaye, Agosti 2010, Rais Mwai Kibaki alitia saini Sheria ya Kudhibiti Vileo, ile ambayo wananchi wanaiita Sheria ya Mututho kwa heshima ya aliyekuwa Mbunge wa Naivasha. Sheria hiyo ilifuta marufuku ya 1980. Tangu hapo chang'aa yenyewe si haramu, haramu ni kuipika bila leseni. Nasi, kwa utiifu ambao tunakiri umechelewa kidogo, tumekuja kuitafuta leseni.

Masharti tumeyaona, na tunayasifu. Kinywaji kiwe kwenye chombo cha mililita 250 au zaidi. Chombo hicho kiwe na maandishi ya kuonya kuhusu afya, yachukue asilimia 30 ya sura yake. Mama pima wetu anauza kwa glasi moja ambayo huoshwa na kurudi mezani, na tumeigeuza glasi hiyo kila upande bila kuona pa kuandika habari za ini, lakini hilo ni tatizo letu, si lako. Kuna alama ya ubora ya KEBS, kuna stempu ya ushuru ya KRA, kuna NEMA na athari za mazingira. Mahali pa kuuzia pawe mita 300 kutoka shuleni. Kwa jinsi Kakamega tulivyobanana, Mheshimiwa, na jinsi kila dhehebu lilivyojenga shule yake, ukitoka mita 300 kwenye shule moja unakuwa umeingia kwenye uwanja wa nyingine. Pia Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti leseni za vileo, huku viwango na ushuru vikibaki Nairobi. Anayeuliza aanze kubisha mlango upi hujibiwa kwa upole mkubwa kwamba aanze na ule mwingine.

Lililotugusa zaidi ni Sheria ya Fedha ya 2023, iliyomtaka mtengenezaji wa vileo alipe ushuru ndani ya saa 24 baada ya mzigo kutoka stoo. Desemba 2024 muda huo uliongezwa ukawa siku tano za kazi, na tunashukuru kwa niaba ya wenye stoo. Wateja wetu wengi ni wakulima wa miwa. Hunywa leo na kulipa siku miwa itakapolipwa, na kuhusu siku hiyo hata wewe, pamoja na vyombo vyote vya upelelezi ulivyo navyo, huenda usiwe na habari.

Turuhusu tukueleze kazi yenyewe, kwa kuwa wengi walioandika sheria wameiona tu ikimwagwa mbele ya kamera. Sukari nguru huvunjwavunjwa na kuyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, ukaongezwa unga wa mahindi na wimbi iliyooteshwa, kisha pipa likafunikwa. Baada ya siku kadhaa povu hutulia, na hapo kangara imeiva. Kangara huenda motoni, mvuke hupita kwenye bomba lililozamishwa ndani ya maji baridi, na upande wa pili matone yanaanza kudondoka kwenye jerikeni. Mpishi mzuri hujulikana hapo. Ya mwanzo huyatenga, hayauzi wala hamnyweshi mtu, maana yana harufu kali ya kuchoma pua. Mkemia ataongeza kwamba kutenga ya mwanzo hakutoshi kuthibitisha usalama, na ana haki. Ndiyo sababu tunataka kupimwa.

Hatusemi chang'aa ni uji. Imevunja nyumba hapa kwetu na kuwatoa watoto shuleni, na akina mama wanaoipika ndio wa kwanza kukwambia hivyo, ingawa karo za watoto wengine zimetoka humo humo. Lakini kuhusu vifo, tunaomba kunong'ona jambo moja. Kangara ya nafaka na sukari huzaa methanoli kidogo sana. Inayoua kwa makumi ni ile ya viwandani, ambayo mfanyabiashara mwenye haraka huichanganya ili apate ukali wa bei rahisi. Ndivyo ilivyokuwa Novemba 2000, pombe ya kumi kumi ilipoua watu zaidi ya 100 Nairobi. Februari 2024 wakafa wengine wasiopungua 17 kule Kirinyaga, na ilielezwa wakati ule kwamba pombe hiyo ilikuwa kielelezo kilichohifadhiwa kituo cha polisi kabla hakijapata njia ya kurudi baa. Machi 6 mwaka huo, Profesa Kithure Kindiki, aliyekuwa akikalia kiti chako, alisimamisha leseni za watengenezaji wote wa vileo vya kizazi cha pili, yaani vile vya bei rahisi vya viwandani, hadi wachunguzwe upya. Tulimpigia makofi. Sisi hatukuwa na leseni ya kusimamishwa, kwa hiyo amri hiyo haikutugusa. Aliyeendelea kutugusa ni kijana mmoja wa sare ambaye kila Ijumaa hupita kutusaidia kutii sheria, nasi humpa cha chai.

Serikali ikitaka kumsaidia mpika pombe, inajua njia. Mwaka 2004 kampuni ya EABL ilileta bia ya Senator ili mnywaji maskini aiache chang'aa, na serikali ikaisamehe ushuru. Mwaka 2013 msamaha huo ulipopunguzwa nusu, mauzo yakaporomoka, wanywaji wakarudi kwetu, na baadaye huruma ikarejeshwa. Hapa hapa Kakamega, kampuni ya sukari ya Mumias ilizindua mtambo wake wa ethanoli mwaka 2012, ikitumia molasi ya miwa ile ile tunayoigeuza nguru. Hatuoni wivu. Tunauliza tu, kwa sauti ya chini, kama huruma hiyo ina ukubwa wa chini wa kiwanda ambao ni lazima ufikiwe kwanza.

Tunauliza kwa sababu mfano mwingine uko karibu zaidi, kando ya Msitu wa Kakamega. Kikundi cha wakulima cha Muliru hulima aina ya mrehani, huchemsha majani yake, hukusanya mvuke na kupata mafuta ya kutengenezea dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Dawa hiyo ilisajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na mwaka 2010 kikundi kikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hao ni wanakijiji wenye mtambo wa kukusanya mvuke, Mheshimiwa, na dawa ina masharti makali kama ya pombe. Tofauti ni kwamba wao walishikwa mkono. Watafiti wa taasisi ya icipe walikaa nao, wakapima majani, wakaandika karatasi, na karatasi zikafika ofisini zikiwa zimeambatana na mtu anayejua lugha ya ofisi. Sheria ya 2010 ilituonyesha mlango wa kiwanda, ila haikututengea mtu wa kututoa kwenye pipa hadi pale mlangoni.

Uganda waliliona hilo mapema. Kwa sheria yao ya Enguli ya 1965, aliyetaka kupika pombe kali kijijini alipewa leseni kwa sharti la kuiuza kwa kiwanda cha serikali, nacho kiwanda kikaisafisha na kuitia kwenye chupa kwa jina la Uganda Waragi. Wapo waliokwepa, kama kawaida ya binadamu, lakini chupa zenyewe hadi leo zimejaa kwenye kaunta za Kampala, na hata za Nairobi.

Basi ombi letu, kama halitakuudhi, ni dogo. Pawe na daraja la leseni la kikundi kisichoweza kujenga kiwanda: kipike mahali pamoja panapojulikana, kisiuze kwa glasi, na mzigo wote uende kwa msafishaji mmoja mwenye stempu. Kila pipa lipimwe methanoli kabla halijaondoka. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko karibu, mjini Kakamega, na kinafundisha kemia. Ushuru ukatwe kwa msafishaji, asiyemdai mkulima wa miwa. Tupewe na ofisa mmoja wa kutusimamia. Kama maofisa ni wachache, tuko tayari kumpokea hata yule wa Ijumaa, kwa kuwa nyumba zote zinazopika anazijua tayari na hatahitaji kuonyeshwa njia.

Tukiamini kwamba utalipa jambo hili uzito unaostahili, sisi ni wako watiifu,

Wapishi wa Shinyalu, ambao kwa heshima ya sheria ilivyo leo hatutataja majina yetu.