Mfuko wa Suti

Mjini Tanga suti ina maadui wanne: ukungu, nondo, mende na shemeji. Mende namtaja kukamilisha hesabu tu, maana hana ubaguzi. Leo yuko kwenye suti, kesho ndani ya redio. Hao wengine ndio waliomfanya mke wangu aende soko la Mgandini akarudi na mifuko ya nguo, ile mirefu ya plastiki nyeusi, yenye zipu mbele na tundu juu la kutokezea kichwa cha henga.

Muuzaji alimhakikishia kwamba nguo ikishaingia humo imepona. Mke wangu ni mtu wa sheria, akamuuliza: si mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019? "Ile ni ya kubebea, mama," akajibiwa. "Huu haubebi, huu unavisha." Kwa jibu la namna hiyo hata mimi ningenunua.

Suti yenyewe ni ya sufu, ya mitumba. Mwenyewe wa kwanza, huko Ulaya, aliivaa kwa sababu ya baridi. Mimi ninaivaa kwa sababu ya heshima, na heshima mjini Tanga mwezi wa pili hutoka jasho mpaka kwenye soksi. Suruali naiacha ipumzike. Koti ndilo lenye kazi. Linapanda juu ya kanzu kwenye kila nikahi, na kwa umri nilionao mialiko haikauki.

Basi koti likatoka kwa dobi, likatiwa mfukoni, zipu ikavutwa mpaka kidevuni, likatundikwa kabatini. Masika ikaingia, ikakaa kitako. Tulipofungua mfuko kwa ajili ya harusi moja ya Ngamiani, koti lilikuwa limeota: kola ya kijani, mabega ya kijivu, mgongo wa kupaliliwa kwa jembe.

Dobi wetu, mzee wa pasi ya mkaa, alilipokea kwa ncha za vidole. Plastiki, alisema, haipitishi maji kuingia, ila haiyapitishi kutoka pia. Nguo ikitoka kwenye pasi ina mvuke. Ukiifungia ingali na joto, mvuke unageuka maji humo humo. Tena hewa yetu ya pwani masika hupita asilimia 80 za unyevu, na ukungu hauna haja ya zote hizo. Sabini zinautosha kujenga mji. "Ile plastiki ninayokufungia mimi ni ya njiani tu," akasema. "Ukifika kwako uivue. Wewe unalala na koti la mvua?"

Akalianika, akalipiga brashi, na ukungu ulipoondoka tukaona kilichokuwa chini yake: matundu. Nondo.

Watu humsingizia yule kipepeo mdogo wa rangi ya dhahabu anayezunguka kabatini. Yule hali kitu, hana hata mdomo wa kulia. Mlaji ni funza wake, na funza huyo kalelewa kitajiri: anataka sufu, hariri, manyoya. Kanzu ya pamba anaipita bila salamu, na nguo ya poliesta haitazami mpaka iwe imedondokewa na mchuzi. Kwa hiyo katika kabati la familia nzima waliliwa watu wawili tu, mimi na koti langu. Mayai yalikuwemo tangu awali, na mfuko ukawatunza vizuri sana: umewafungia pamoja na chakula chao, na umewazuilia mlango mijusi kafiri ambao wangewala.

Hapo ndipo shemeji alipotoa elimu. Huyu ni mdogo wake mke wangu, kijana anayeishi kwetu "kwa muda", na muda wenyewe haukuandikwa popote. Alikuwa amesoma kwamba makumbusho ya Ulaya huua nondo kwa kugandisha nguo: nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili, ndani ya plastiki iliyofungwa barabara. Na kweli ndivyo wanavyofanya. Ila makumbusho hayahifadhi nguru kwenye friza hiyo hiyo, wala umeme wao haukatiki Ijumaa usiku ukarudi Jumapili. Zipu inazuia vumbi. Maji ya nguru haiyawezi.

Koti likatoka halina nondo hata mmoja, na lina harufu ya diko zima. Safari hii dobi hakulipokea hata kwa ncha za vidole.

Shangazi yangu alikuwa amekuja kutoka Pangani kututembelea. Alipoomba aachiwe kazi hiyo, nikajua ataleta chetezo, makaa na udi, nguo ifukizwe kama zinavyofukizwa nguo za watu wenye kwao. Shangazi akacheka. "Udi unaficha harufu," akasema. "Kafuri inaifukuza. Tena nondo anaikimbia." Kuhusu nondo alikuwa sahihi kabisa. Akatia vipande vya kafuri katika kila mfuko wa koti, hata ule mdogo wa ndani ambao sijawahi kuujua kazi yake, akavuta zipu. Na ile plastiki iliyokataa kutoa unyevu ikakataa kutoa kafuri vile vile.

Msomaji wa pwani ameshanusa ninakokwenda. Kwa wa bara niseme tu kwamba kafuri ndiyo hutiwa kwenye maji ya mwisho ya kuoshea maiti. Hakuna Mwislamu wa Tanga asiyeijua harufu hiyo, na hakuna anayeihusisha na pilau.

Siku ya nikahi iliyofuata, msikitini nilikaa karibu na mzee mmoja wa makamo ya baba yangu. Sheikh hajaanza hata hotuba ya nikahi, mzee akasimamisha tasbihi. Akanusa kulia, akanusa kushoto, akaninusa mimi. Uso ukamwanguka.

"Nani katangulia, mwanangu?"

"Hakuna, mzee wangu. Ni koti tu."

"Ah." Akanipigapiga gotini kwa huruma nyingi. "La marehemu?"

Nilipofungua kinywa kueleza habari ya nguru, mtu wa nyuma yetu alikuwa ameshalisikia neno marehemu. Sahani ya halua ilipotufikia nilipewa ya kwanza, tena kipande kikubwa, na bwana harusi alipozunguka kupokea mikono ya pongezi, alipofika kwangu akanikumbatia akaniambia nijikaze. Jioni mke wangu alifungua mlango akakuta kina mama wawili wamejifunga kanga, mkeka kwapani, wanauliza maiti anatoka nyumba gani.

Mifuko ya plastiki akapewa jirani mwenye pikipiki. Mke wangu akaamua kushonesha ya merikani, kitambaa kile kile kisichopaushwa ambacho merikebu za Wamarekani wa Salem zilikileta Unguja karne ya 19. Ni ya pamba, inapumua, vumbi haliingii, na karafuu chache ndani ya kitamba zinatosha kumkera nondo. Dobi mwenyewe aliipitisha. Lakini hebu fikiri: mama wa nyumba inayovumishiwa msiba anaingia dukani kuomba pamba nyeupenyeupe, urefu wa mtu mzima. Mwenye duka aliinuka, akampa pole, akampunguzia bei. Mke wangu hakukanusha. Fundi cherehani naye aliuliza urefu wa mhusika kwa sauti ya chini, akashangaa kuambiwa aweke tundu la henga.

Kasoro ya merikani ni moja, ile ile ya plastiki nyeusi: huoni kilichomo. Mwezi uliopita nilikwenda kabatini kabla ya harusi nyingine. Mfuko ulikuwa unaning'inia vizuri, umejaa, mabega yamesimama. Nikaufungua nikakuta henga limevikwa sweta ya shule ya binti yangu, na juu yake blanketi. Koti lilikuwa Korogwe, kwenye arusi ya rafiki yake shemeji.

Lilirudi Jumatatu na mchuzi wa pilau kwenye kola, yaani nondo kaandaliwa meza. Mimi ndiye niliyekuwa na malalamiko, lakini shemeji akaniwahi.

"Shemeji, koti lako bado linanuka. Nimekaa na wazazi wa yule binti ninayetaka kumposa, mama yake akaniuliza nimefiwa na nani. Kabla sijajibu keshatoa rambirambi, tena noti. Ningesema nini?"

"Ukasema nini?"

"Nikasema shemeji yangu, mwenye koti." Akatazama chini kidogo. "Wanakuja Jumamosi kuhani. Sasa nilikuwa naomba, siku hiyo ushinde kwa jirani."