Mkanda Upo, Rili Haiingii

Kamera za kale hazifi upesi. Kinachotangulia kufa ni mkanda wake. Brownie ya marehemu babu, lile boksi jeusi la Kodak, bado inafyatuka vizuri tu, ila inataka mkanda wa 620, na Kodak waliacha kuutengeneza mwaka 1995. Kinachoudhi ni kwamba mkanda wenyewe upo! Ule wa 120, ulioanza mwaka 1901, unauzwa hadi leo. Upana ni uleule, na karatasi ya mgongoni ina namba zilezile. Tofauti iko kwenye rili. Ya 620 ni nyembamba, ya 120 imenenepa kidogo, na Brownie haitaki mnene hata umbembeleze.

Dawa ni kuuhamisha mkanda kwenye rili nyembamba kwa kupapasa, kwenye giza totoro. Na unaviringisha kwenda na kurudi, kwa sababu ukiviringisha mara moja mwanzo wa mkanda unabaki ndani. Nyumba yetu ina nyufa kila dirisha, basi nikangoja umeme ukatike usiku. Ulipokatika, wenzangu walilaani, mimi nikashangilia. Nikajifungia stoo pamoja na gunia la mkaa. Jasho linatiririka, mbu wamekwisha jua kwamba sina mkono wa kuwafukuzia, mkanda unajikunja kama una chuki na mimi. Nimebakiza kidogo tu, nikasikia watoto nje: "Umeme umerudiii!" Taa ya stoo, ambayo ukiihitaji haiwaki, ikawaka.

Mkanda uliofuata ulifika salama hadi kwenye harusi ya binamu. Picha ni nane tu, kwa hiyo kila moja inapigwa kwa kikao. Shida nyingine ni kioo cha kuangalizia, kinachogeuza kulia kuwa kushoto: nilipomwambia shangazi asogee kulia aingie kwenye picha, alitoka kabisa, nikamkuta nyumba ya pili. Mpwa wangu akaja mbio.

"Mjomba, hebu nizione."

"Bado, mpaka zisafishwe."

"Kwani chafu?"

Kijana wa studio alizisafisha vizuri, sina neno naye. Alinipa negativu ndani ya bahasha, nikamuuliza rili iko wapi. "Ile plastiki? Nimetupa." Ilikuwa ya chuma, tena ya babu! Wateja wakasimama kunitazama mtu mzima nikichakura pipa la taka kati ya maganda ya machungwa, na mmoja akanitolea shilingi mia tano. Nilizipokea, maana mkanda ni ghali.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama kwenu kuna kamera kuukuu kabatini, ifungue uangalie ndani. Ukikuta rili tupu yenye alama ya 620, tafadhali usiwape watoto wachezee. Nitafute, nainunua.