Namna ya Kuitumikisha Helikopta ya Manowari

Hongera, nahodha. Umekabidhiwa manowari yenye helikopta moja nyuma. Kuanzia sasa usihangaike na lolote ambalo helikopta inaweza kutumwa, nayo, utagundua upesi, haina inaloruhusiwa kukataa.

Anza na macho. Dunia ni mviringo, na antena ya rada yako, ikiwa mita 25 juu ya maji, upeo wake hauzidi sana kilomita 20. Boti ya adui ikija chinichini utaiona inabisha hodi. Ipandishe rada mita 900 angani, upeo unapita kilomita 120. Kwa hiyo itume ichungulie, kisha wewe upeleke makao makuu taarifa isemayo "nimeona".

Malazi yasikusumbue. Lynx ya Waingereza, iliyoruka mara ya kwanza 1971, ilikunjwa mapanga na mkia ikalala katika kibanda kidogo nyuma ya meli. Utamu uko kwenye kutua. Usiku, meli inayumba, sitaha inapanda na kushuka. Rubani anavizia itulie kidogo, anaishusha kwa kishindo, chusa inatoka tumboni na kunasa wavu wa chuma sitahani, kisha anaigeuza pembe ya mapanga ili yaikandamize chini badala ya kuiinua. Wakati huo wewe uko kwenye chumba cha uongozaji na kikombe cha chai. Uliza kwa redio mbona anachelewa.

Sasa silaha. Agiza zote: torpedo za kupiga nyambizi, makombora ya kupiga meli, bunduki ya mlangoni, na mafuta ya kutosha kukaa angani saa nyingi. Rubani atakueleza kwamba makombora manne ya Sea Skua, kilo 145 kila moja, yanakula uzito ambao ungekuwa mafuta. Mwambie apange vizuri. Hatakukumbusha, kwa adabu, kwamba akishafyatua hawezi kukimbia: rada yake lazima iendelee kumulika shabaha mpaka kombora lifike. Makombora hayo yalitumika vitani mara ya kwanza usiku wa kuamkia Mei 3, 1982, kwenye vita vya Falklands. Meli ya Argentina, Alférez Sobral, ilipigwa, na mabaharia wanane wakafa akiwemo nahodha wao. Hapo sina mzaha.

Ukitaka mfano wa kutumikisha ipasavyo, msome nahodha wa HMS Antrim katika vita hivyohivyo. Helikopta yake ilikuwa Wessex kuukuu, injini moja, iliyoundwa kwa ajili ya kusaka nyambizi, na mabaharia waliiita Humphrey. Aprili 22, 1982 ikatumwa kwenye barafu ya mlimani huko South Georgia kuwaondoa makomando wa SAS waliokuwa wakiganda. Helikopta mbili zilizokwenda nayo zikaanguka ndani ya tufani ya theluji. Humphrey, rubani akiwa Ian Stanley, ikarudi baadaye ikawabeba wote waliobaki kwa safari moja, imezidiwa uzito kupita kiasi. Akatua nao melini. Je, ikapumzishwa? Siku tatu baadaye ndiyo iliyoiona kwa rada nyambizi Santa Fe, ikaidondoshea mabomu mawili ya kina, na nyambizi ikaharibika isiweze tena kupiga mbizi. Helikopta nyingine zikaja kumalizia.

Katikati ya ushujaa huo usisahau vipuri, barua, mgonjwa wa kidole tumbo na amiri anayetaka kuzungushwa. Wanaomfukuza haramia nao wana kazi zao: Aprili 2008, baada ya mateka wa jahazi la kifahari Le Ponant kuachiwa, mdunguaji wa Kifaransa ndani ya helikopta aliipiga injini ya gari la maharamia, nchi kavu Somalia, likasimama.

Ikirudi, mafundi waioshe kwa maji baridi, maana chumvi hutafuna injini na bati bila kujali medali. Ikiharibika, lalamika kwamba helikopta hizi hazitegemeki.

Humphrey yenyewe sasa iko kwenye jumba la makumbusho la Yeovilton, Uingereza. Nenda ukaitazame, kiingilio utajilipia.