Utukufu wa Pedi Kuukuu

Katika vyombo vyote vya sebuleni, hakuna kilichovumilia dharau kama pedi kuukuu ya gemu. Herufi zilizokuwa juu ya vitufe zimefutwa na vidole gumba, mpira wa kijiti umelika ikabaki plastiki tupu, na waya, kama upo, umezungushiwa selotepu pale ulipokunjika. Mashine mpya ikiingia nyumbani, pedi hii ndiyo ya kwanza kutupwa kwenye sanduku la nyaya, ikalale na chaja za simu zilizokwisha kufa. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na hapa kipya kimekuja ndani ya boksi, cheupe, bado kinanukia duka. Mimi nasimama upande wa kikongwe. Nadai kwamba pedi kuukuu ni shahidi mkweli kuliko wote katika biashara ya gemu: ukiichomeka kwenye mashine mpya ikakataliwa, ndipo unapoweza kuchunguza kama mashine haiwezi kuipokea au haitaki.

Kwamba vizazi vinaweza kuelewana, ushahidi ni mwingi. Atari 2600 ilitoka mwaka 1977 na tundu la pini tisa, na umbo hilo la tundu likaenea: Commodore 64 ilikuwa nalo, na Sega Mega Drive ya mwaka 1988 pia. Matokeo yake, ukichukua pedi ya Mega Drive ukaichomeka kwenye Atari iliyoitangulia kwa miaka 11, mishale inaongoza na kitufe B kinafyatua. Vitufe vingine vimekaa tu kama wageni walioalikwa harusini wakasahauliwa sahani, lakini mchezo unachezeka, bila adapta wala sasisho la programu. PlayStation 2 ya mwaka 2000 nayo ilibaki na tundu lilelile la ile ya kwanza, ikazipokea pedi za dada yake bila maswali.

Ila bingwa wa kuzeeka kwa heshima ni pedi ya Nintendo GameCube ya mwaka 2001. Itazame kwa karibu: kitufe A kikubwa cha kijani katikati, B kidogo chekundu pembeni yake, X na Y vimepinda kama maharagwe, na kijiti cha manjano kwa kidole gumba cha kulia. Kijiti kikuu kimezungukwa na ukingo wa pembe nane, hivyo kidole kikisukuma kuelekea kona, kijiti kinajikita hapo, na mchezaji anajua bila kutazama ni upande gani hasa ameelekea. Wachezaji wa Super Smash Bros. Melee waliizoea kiasi kwamba kila mashine ya sebuleni ya Nintendo iliyofuata ilibidi itafute namna ya kuishi nayo. Wii ya mwaka 2006 ilizaliwa na matundu manne ya GameCube chini ya kifuniko. Wii U haikuwa nayo, basi mwaka 2014 Nintendo ikauza adapta yenye mikia miwili ya USB, mweusi wa kupeleka amri na wa kijivu wa kulisha umeme wa mtetemo. Mwaka 2017 Switch ikapata sasisho, ikaitambua adapta hiyohiyo. Wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni; hapa mwenye kamba ni mwenyeji, na wageni watatu mfululizo ndio waliojipanga kumzunguka.

Sasa tuje kwa PlayStation 5. Mwezi Agosti 2020, kabla mashine haijaingia sokoni, Sony ilieleza utaratibu: DualShock 4, pedi ya PS4, itakubaliwa katika gemu za PS4 zinazochezwa ndani ya PS5, lakini katika gemu za PS5 zenyewe, hapana. Sababu iliyotolewa ni kwamba gemu hizo zinapaswa kutumia uwezo mpya, ikiwemo pedi ya DualSense yenye mtetemo wa kina na vitufe vya R2 na L2 vinavyokaza kidole kama kamba ya upinde. Hoja nzuri, mpaka shahidi wetu apande kizimbani. Tangazo hilohilo liliruhusu usukani wa magari na vijiti vya gemu za kupigana, vile vyenye leseni rasmi, kuendelea kutumika hata kwenye gemu za PS5 zinazovikubali, ilhali usukani wa zamani hauna huo mkazo wa R2. Tena, ndani ya mipangilio ya PS5 mwenye mashine anaruhusiwa kuzima mtetemo na mkazo kabisa, na gemu inaendelea kama kawaida. Na lililo tamu zaidi: kwa kutumia Remote Play, programu ya kuchezea gemu za mashine ukiwa kwenye kifaa kingine, DualShock 4 iliyounganishwa na kompyuta iliweza kuongoza gemu ya PS5 iliyo kwenye mashine ya chumba hichohicho. Yaani kikongwe akibisha mlango wa mbele anafukuzwa. Akizunguka uani kupitia kompyuta, anapewa kiti na chai. Pedi moja ya DualSense ilipotoka iliuzwa karibu dola 70 Marekani, nami sihitaji kuongeza neno.

Wapo watakaoniambia nasifu uchakavu. Ni kweli, na uchakavu wenyewe una historia: kijiti cha Nintendo 64 cha mwaka 1996 kilijisaga chenyewe kwa ndani hadi kikatoa unga mweupe, kikalegea kama jino la mtoto. Lakini ujana nao si dawa. Joy-Con, pedi za Switch, zilisifika kwa vijiti vinavyosogea bila kuguswa, mashtaka yakafunguliwa Marekani, na mwaka 2020 rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi hadharani. Wakati huohuo pedi ya Dreamcast, iliyotoka Japani mwaka 1998, kijiti chake kinapimwa kwa sumaku badala ya vipande vinavyosuguana, kwa hiyo hakina sehemu ile inayolika. Wapo pia watakaosema kuna gemu zisizochezeka kwa pedi ya zamani, na hao nawapa haki yao yote. Wii Sports ilitengenezwa ili mkono upunge hewani. Pedi ya GameCube hata ukiipunga mpaka bega liume, mpira wa tenisi hautarudi. Hapo kukataliwa ni kwa uwezo, na shahidi wangu anakubali bila kinyongo.

Pingamizi lenye uzito ni la udanganyifu. Vipo vifaa vinavyojifanya pedi ya kawaida huku vikituliza mtikiso wa bunduki ya kwenye gemu kwa niaba ya mchezaji, na anayekutana naye mtandaoni anaonewa. Mwezi Novemba 2023 Microsoft ilianza kuzuia kwenye Xbox vifaa visivyo na leseni yake. Ila wavu huo ulinasa na wasiolengwa: watu wenye ulemavu waliokuwa wamejipangia vifaa vyao kwa adapta, na wapenzi wa gemu za kupigana wenye vijiti vya mafundi wadogo. Na kampuni hiyohiyo ndiyo inayonisaidia kuonesha kuwa kuzuia wezi hakuhitaji kuwafukuza wazee: pedi za Xbox One za mwaka 2013 zinakubaliwa kwenye Xbox Series X katika gemu mpya kabisa, bila mtu kudai kwamba mchezo umeharibika.

Kuna na njia ya katikati, nayo ina ucheshi wake. Switch 2 ilipozinduliwa mwaka 2025 ilizipokea pedi za Switch ya kwanza, ziongoze mbio, zirushe ngumi, zifanye karibu kila kitu, isipokuwa kuiamsha mashine ikiwa imelala. Kazi hiyo aliachiwa mchezaji: ainuke kitini, pedi mkononi, avuke zulia, akaibonyeze mwenyewe.